Usiku wa Darasa la Kwanza

Nyumbani kwetu hadithi hazikusimuliwa jua likiwapo. Mama alikuwa na hadithi nyingi, tena ndefu, lakini ukimwomba moja mchana wakati anapukuchua mahindi, alikugusa midomo kwa kiganja chake chenye vumbi na kusema, "Unataka tutawanyike?" Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Anayesimulia mchana, watu wa nyumba yake hutawanyika. Si lazima wafe. Huondoka tu, huyu leo na yule kesho, na hakuna anayeweza kuwakusanya tena.

Ushahidi tulikuwa nao. Kijiji chetu cha zamani, kabla hatujahamishiwa kando ya barabara, kilikuwa na mama mmoja aliyewasimulia wanawe shambani ili wasichoke kupalilia. Wawili walipanda lori la manamba kwenda kwenye mkonge na hawakurudi. Wa tatu alivuka mpaka na habari zake zikaishia huko. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama yule akiwaita mbuzi wake kwa majina ya wanawe, na mbuzi waliitika. Kwa hiyo sheria ile kwangu haikuwa maneno ya kutishia watoto. Niliiogopa kama nilivyoogopa nyoka kwenye nyasi za kuezekea.

Baba alirudi kutoka mkonge na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka tulipomzika. Mama alimfuata muda si mrefu baadaye, akiwa ndiyo kwanza amemwachisha ziwa kitindamimba wetu. Mimi nilikuwa darasa la nne. Niliacha shule siku ya matanga na hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini, kwa sababu sababu zilikuwa zimekaa mkekani pale: mdogo wangu wa kiume aliyenifuata, mdogo wangu wa kike, na kitindamimba, ambaye alikuwa bado analala na kipande cha nguo ya mama mkononi.

Tulihamishwa pamoja na wengine wakati wa vijiji vipya. Tulipewa kiwanja kwenye njia ya kwenda Munanila, mlimani, mahali ambapo asubuhi ukungu uliingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Nilijenga kwa msaada wa majirani, nikapanda maharage na mihogo, na nikaanza kuzoea kuitwa "mama" na watu wasionijua. Kufikia hapo nilikuwa na umri wa kuolewa.

Ndipo baba mkubwa alipokuja. Alikuwa kaka yake marehemu baba, na alikaa upande wa Kibondo. Alifika na baiskeli yake baada ya mavuno ya mahindi, akakaa kwenye kigoda, akala ugali wetu wa muhogo, akawatazama wadogo zangu kama mtu anayefikiria namna ya kupanga mizigo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekuja kufanya kile ambacho ukoo ulimtaka afanye.

"Huyu mkubwa atakuja kwangu achunge," alisema. "Binti ataenda kwa shangazi yenu Kitanga. Mdogo nitamchukua mimi. Na wewe utaolewa."

"Baba, niache nikae nao."

"Ukae nao kama nani?"

"Kama dada yao."

"Dada si mtu mzima. Mtu mzima ana mume au ana kazi. Wewe una kipi?"

Sikuwa na hiki wala kile. Kitindamimba alikuwa amejificha nyuma yangu, ameshika kanga yangu kwa ngumi zote mbili. Baba mkubwa alinawa mikono, akasema maharage yakikauka atarudi, na kama nitakuwa na kazi kufikia hapo, kazi inayoonekana kwa macho, basi atanyamaza. Nadhani alisema hivyo ili nisilie mbele ya watoto.

Nilianza kuogopa siku ile, na kila nilipopita shambani nilitazama maganda ya maharage. Mwaka huo nilitamani mvua isiache kunyesha.

Shule ya kijiji ilikuwa ng'ambo ya barabara: madarasa ya udongo yaliyoezekwa kwa nyasi, na ofisi moja yenye bati. Wakati ule watoto wote walikuwa wametakiwa kuandikishwa, na darasa la kwanza lilijaa mpaka wengine walikaa kwenye kizingiti. Mwalimu mkuu alitoka pwani. Kiha, lugha yetu, hakukijua hata cha kuombea maji. Watoto nao Kiswahili walikisikia kwenye redio ya mwenye duka tu, wakadhani ni lugha ya redio.

Alikuja uani kwetu jioni moja, akakataa kigoda, akaketi kwenye kinu kilicholazwa.

"Binti, hawa watoto wananikimbia," alisema. "Jana nimesema kaeni, nusu wakaenda nyumbani."

Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa mmoja wa wale wa darasa la kwanza, alitazama chini.

"Kwenye ratiba kuna kipindi cha utamaduni," mwalimu mkuu aliendelea. "Sina mtu wa kukifundisha. Walimu wangu wote wametoka mbali. Nimeambiwa marehemu mama yako alikuwa na hadithi."

"Alikuwa nazo."

"Na wewe?"

"Ninazo za kwake."

"Basi njoo uwafundishe mambo ya kwao kwa lugha yao. Salamu, nyimbo, hizo hadithi. Wakishazoea darasa, wakiacha kuogopa, mimi nitawapokea kwa Kiswahili. Saa nne mpaka saa tano."

"Saa nne asubuhi?"

"Ulitaka saa nne usiku?" Alicheka peke yake.

Alieleza kwamba mshahara haupo, lakini shamba la shule litatulisha, na serikali ya kijiji imekubali. Mkaguzi kutoka Kasulu angekuja kabla ya likizo. Akiridhika, jina langu lingepelekwa wilayani na ningekuwa na kazi kama watu wengine wenye kazi. Mkaguzi angekuja lini? Mwalimu mkuu aliitaja siku. Ilikuwa ni wakati uleule maharage yanapokauka.

Nilisema nitakuja. Nilisema haraka, kabla sijapata nafasi ya kufikiri, na alipoondoka nikakaa kwenye kinu kilekile alichokalia. Nikikataa, baba mkubwa atawagawa wadogo zangu. Nikikubali, nitasimulia mchana, na sheria itawagawa. Sikuona upande wa tatu.

Kulikuwa na jambo jingine la kunitia hofu, ingawa dogo. Nilipokuwa mwanafunzi, aliyesikika akisema Kiha shuleni alivishwa kibao cha mti shingoni kwa kamba ya katani, na alitembea nacho mpaka amnase mwenzake. Mimi nilikivaa mara nyingi. Kibao hicho kilikuwa kimehamia pamoja na shule. Kilining'inia nyuma ya mlango wa ofisi, na siku ya kwanza niliyoingia mle kupewa chaki, nilikitambua kwa pembe yake iliyovunjika. Shingo ikaniwasha. Mwalimu mkuu alikuwa ananiambia niongee Kiha kwa sauti, na mimi nilikuwa namsikiliza huku nimetazama nyuma ya mlango.

Siku za mwanzo sikusimulia kitu. Niliwafundisha salamu. Kwetu mtoto hamsalimu mkubwa kwa kusimama wima na kupaza sauti kama askari. Hukunja magoti kidogo, huviweka viganja vyake viwe na shimo katikati, huvipiga polepole, na huendelea kupiga mpaka mkubwa aitikie. Mkubwa akiwa na mawazo mengi, mtoto hungoja. Watoto wengi walikuwa wameanza kuyasahau hayo tangu tuhamie barabarani. Niliwaonyesha, wakapiga, na darasa likawa kama mvua inayoanza kwenye majani ya migomba. Mwalimu mkuu alipochungulia, wote walimgeukia na kumpigia makofi. Hakujua kwamba anatakiwa kuitikia. Alisimama mlangoni, wao wakaendelea kupiga, yeye akatabasamu, wakaendelea.

"Sema mwakeye, mwalimu," nilimwambia. "Watachoka mikono."

"Mwakeye," alisema, na darasa zima likaangua kicheko kwa jinsi alivyolitamka. Siku ile hakuna aliyekimbia.

Lakini salamu ziliisha, na nyimbo nilizozijua ziliisha pia. Wakaanza kuuliza. Mtoto wa jirani aliinua kidole na kuniambia, "Mama anasema wewe una imigani." Hivyo ndivyo tunavyoziita hadithi. Nilimwambia zitakuja. Nilipotoka, nilimkuta mwalimu mkuu amesimama nje.

"Na hadithi lini?" aliuliza. "Mkaguzi hatakuja kuona makofi."

Jirani yetu alikuwa mjane aliyesuka matenga ya kuku na kuyauza Kasulu kwa wenye maduka. Nilimweleza shida yangu nilipokuwa namsaidia kuloweka fito. Sikutazamia jibu. Nilitaka tu mtu mwingine ajue.

Alimaliza mzunguko aliokuwa anausuka. Kisha akamkamata jogoo aliyekuwa anapekua karibu, akamfunika kwa tenga, akatupa gunia juu ya tenga. Jogoo alilalamika kidogo, akanyamaza.

"Amelala," alisema. "Anajua ni usiku. Wewe una akili kuliko jogoo?"

"Sijui, mama."

"Usiku ni giza, na moto, na mlango uliofungwa. Mimi sijui kama sheria inajua zaidi ya hapo." Alifunua gunia, na jogoo akatoka amekasirika. "Lakini fanya kabisa. Usifanye nusu."

Nikafanya kabisa. Darasa lilikuwa na madirisha ya mbao. Niliyafunga, nikaziba nyufa kwa majani makavu ya migomba, nikatundika gunia mlangoni. Katikati ya chumba niliweka chungu kilichopasuka chenye makaa, na juu ya tofali nikaweka koroboi. Watoto niliwakalisha chini kuzunguka makaa, magoti yakigusana, kama watu wa nyumba moja. Niliwaambia usiku umeingia. Wengine walipiga miayo hapohapo. Mtoto mmoja alilala kweli na ikabidi abebwe kengele ilipolia.

Nilisimulia hadithi ya msichana aliyetumwa kuvusha moto bondeni ndani ya kibuyu, na fisi aliyemfuata akimwomba amwonyeshe kilichomo. Nilikuwa sijaisimulia tangu mama afe, na sikujua kama ninayo yote. Nilikuwa nayo. Nilipofika pale fisi anaposema kwa sauti ya shangazi, watoto walijikunyata, na sauti niliyoisikia ikitoka kwangu ilikuwa ya mama.

Kisha niliwarudisha polepole kwa Kiswahili. Fisi. Kibuyu. Moto. Bonde. Walitaka hadithi, kwa hiyo walikubali maneno. Baada ya muda mfupi walikuwa wanaweza kumwambia mwalimu mkuu kwa Kiswahili kwamba fisi ni mwongo, na yeye alifurahi kama mtu aliyepata mvua.

Mimi sikufurahi. Darasa lile halikuwa usiku kamili. Paa la nyasi lilikuwa na tundu moja ambalo sikuweza kulifikia, na jua lilipita pale na kuchora mstari mwembamba sakafuni. Mstari ule ulitembea. Nilipoanza kusimulia ulikuwa ukutani, na nilipofika katikati ya hadithi ulikuwa umewafikia watoto. Niliwaambia wasogee. Wakasogea. Ukafika kwenye chungu. Nikasogea mimi. Watoto walidhani ni sehemu ya mchezo, wakawa wanausogezea miguu na kuivuta wakicheka. Siku moja nilijisahau katika maneno, nilipotazama chini nikauona umelala juu ya goti langu, mweupe, na mimi nilikuwa bado naongea.

Nilikwenda nyumbani mbio. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anachanja kuni. Kitindamimba alikuwa anacheza na kokoto chini ya ukingo wa paa. Nilimshika kila mmoja kichwani kwa mkono. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amenifuata nyuma kutoka shuleni akihema, alisimama langoni.

"Umeona jua lilikugusa," alisema.

"Kidogo tu."

"Mama alisema hata kidogo?"

Nilimwambia akalete maji.

Tangu siku hiyo alianza kukaa nami karibu zaidi mle darasani, na mstari ulipokaribia aliuweka mguu wake mbele yangu, ili uangukie kwake. Nilimkataza. Alikuwa na miaka saba na mbishi kama baba.

Maneno nayo yalianza. Kijiji kilikuwa kipya, watu walikuwa wametoka vilima mbalimbali na hawakuaminiana bado. Wakati ule pia kulikuwa na watu waliovuka mpaka wakikimbia vita, na mtu akisikika anaongea kwa sauti isiyojulikana, ilibidi aeleze anatoka wapi. Darasa lililofungwa madirisha saa nne asubuhi, moshi ukitoka kwenye nyasi, watoto wakiimba ndani bila kuonekana, halikuwapendeza watu. Walianza kuliita darasa la giza. Mzazi mmoja alimtoa mtoto wake. Kisimani mwanamke mmoja aliniuliza, akiwa ametazama ndoo yake, "Mwalimu, mle ndani mnazika nini?" Wenzake walicheka, lakini walisogea nilipopita.

Mwalimu mkuu aliniita.

"Kwa nini usifungue dirisha moja tu?"

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi au hutaki?"

Nilimweleza sheria. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima. Kisha akasema, "Mkaguzi hatoki huku. Mimi nimekuelewa kwa sababu nimekula ugali wenu. Yeye atakula wapi?"

Maharage yalikauka. Kwa mtu aliyekuwa anakwenda Kibondo kuuza nyavu za kubebea mizigo nilituma ujumbe kwa baba mkubwa kwamba kazi nimepata, na siku atakayokuja mkaguzi ndipo itakapothibitishwa, aje ajionee. Nilitaka asikie kwa mkaguzi mwenyewe. Nilidhani nimepanga vizuri.

Siku hiyo baba mkubwa alifika mapema. Niliona kwanza baiskeli. Juu ya kiti cha nyuma alikuwa amefunga majani makavu, mengi, yaliyokunjwa na kushonewa ndani ya gunia, na kamba ya kujifungia. Kilikuwa kiti cha mtoto. Alikuwa amekishona kwa uangalifu ili kitindamimba asiumie njiani. Mpaka leo nikikumbuka siku ile, ninachokiona kwanza ni gunia lile na mishono yake midogo.

"Nimekuja tayari kwa lolote," aliniambia. "Usinielewe vibaya."

Nilimpigia makofi ya salamu, akaitikia, akaenda kukaa kwenye benchi la veranda ya darasa langu, chini ya dirisha lililofungwa.

Landrova ya mkaguzi ilifika ukungu ukiwa umeinuka. Alianza na madarasa makubwa. Mimi niliingia kwangu, nikafunga, nikawasha koroboi. Niliwaza kwamba pengine hatafika, pengine muda utamwishia. Nilianza hadithi ya msichana na kibuyu, kwa sababu ndiyo watoto waliyoijua zaidi. Fisi alikuwa ndiyo kwanza amejitokeza kwenye majani pale gunia la mlangoni lilipovutwa.

Mwanga uliingia wote kwa mara moja. Watoto walipiga kelele, kisha wakakumbuka adabu na kuanza kumpigia mgeni makofi. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani. Alisimama akikohoa kwa moshi. Nyuma yake alikuwapo mwalimu mkuu, uso umempauka.

"Hapa panafanyika nini?"

"Utamaduni, mzee," alisema mwalimu mkuu.

"Utamaduni wa kukaushia samaki?"

Walimu waliomfuata walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono yangu nyuma. Nilisema kwamba tunasimuliana hadithi.

"Hadithi hazina ubaya. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa hadithi." Alionyesha chungu cha makaa, kisha akainua kidole juu. "Lakini paa la nyasi, na moto, na mlango uliozibwa, na watoto wote hawa. Umefikiri, dada?"

Sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimeogopa kitu kimoja kwa nguvu kiasi kwamba kingine sikukiona kabisa. Nilitazama nyasi juu ya vichwa vyao, kavu.

Mkaguzi mwenyewe aliondoa majani kwenye nyufa na kusukuma madirisha. Mwalimu mmoja alikibeba chungu nje. Jua lilikaa kila mahali, juu ya vichwa, juu ya ubao, juu ya miguu yangu. Dirishani, kwa nje, nilikiona kisogo cha baba mkubwa, kisha akageuka kutazama ndani.

"Sasa endelea," alisema mkaguzi. Akaketi kwenye kiti cha mwalimu na kufungua kalamu. "Nataka kuona unavyofundisha. Endelea palepale."

Sikuendelea.

"Dada, ukifundisha gizani tu, hiyo si kazi ninayoweza kuipeleka wilayani. Ukifundisha mchana kama watu, nitaipeleka. Chagua."

Hakujua alichosema. Nilimtazama mwalimu mkuu, naye akatazama sakafu. Baba mkubwa alikuwa amesimama sasa, amejaa dirishani, nami niliona machoni mwake kwamba ameelewa kabisa ninachoambiwa, na kwamba hakutarajia nifanye. Nyuma yake ilikuwa baiskeli na kile kiti cha majani. Sheria sikuwa nimeiona ikitembea kuja kwangu. Kiti nilikuwa nimekiona.

Nikasema, "Fisi akamwambia msichana, nionyeshe ulichobeba."

Sauti ilitoka nyembamba. Nilijaribu tena. Wakati huo mdogo wangu wa kike, aliyekaa mbele, alinyanyua mikono yake na kujifunika macho. Akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Mtoto wa jirani akamtazama, akafanya vivyo hivyo. Wakafuata wote, safu kwa safu, wengine kwa viganja, wengine wakivuta mashati yao juu ya vichwa, mpaka darasa zima likawa halina uso hata mmoja. Kila mtoto alikuwa amejitengenezea usiku wake. Msimuliaji peke yake ndiye ambaye hakuweza kujifunika, kwa sababu alitakiwa aonekane.

"Wanafanya nini?" mkaguzi alinong'ona.

"Wanasikiliza," alijibu mwalimu mkuu.

Nilisimulia mpaka mwisho. Nilisimulia kwa Kiha, kisha nikarudi kwa Kiswahili na kuuliza maswali, na majibu yalitoka chini ya mashati. Fisi ni mwongo. Msichana alivuka. Moto ulifika. Jua lilikuwa usoni kwangu muda wote, lilinichoma jicho la kushoto, na sikuliepa. Nilihisi kama ninaitupa nyumba yetu kitu kimoja kimoja kupitia dirishani.

Mkaguzi aliandika. Alisema chungu kisionekane tena, madirisha yabaki wazi, Kiswahili kiongezwe, na kwamba mimi niendelee. Alinipa mkono. Mwalimu mkuu alinitazama kama anayetaka kunipongeza, lakini hakuthubutu.

Nilitoka. Baba mkubwa alikuwa kwenye baiskeli yake, anafungua kamba.

"Umesimulia," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, baba."

"Jua likiwa juu."

"Likiwa juu."

"Nimesikia kwa masikio haya." Alivuta fundo, likakataa, akalivuta kwa meno. "Nilikuwa nimekuja kumchukua mtoto wa kaka yangu. Sasa nikimchukua, anakuja na nini kwangu? Mimi nina watu ndani, binti yangu. Nina wajukuu. Nyumba iliyotupiwa kutawanyika, ukiingiza mtu wake kwako, umeingiza na kile kitu."

"Kazi nimepata, baba. Ulisema ukiona kazi utanyamaza."

"Kazi nimeiona." Kiti cha majani kilitoka. Alikishika mkononi akitazama mahali pa kukiweka, kisha akakiegemeza kwenye ukuta wa darasa, taratibu. "Na shangazi yako nitamwambia. Asije akamchukua binti bila kujua."

Nilikunja magoti kumpigia makofi ya kumuaga. Nilipiga, nikaendelea kupiga. Alipanda baiskeli akiwa hajaitikia, akashuka mteremko kuelekea barabarani, na mikono yangu ilibaki imeunganishwa.

Hakuja tena. Wala shangazi hakuja. Salamu tuliletewa na wapita njia, zikaishia langoni. Kwa hiyo wadogo zangu walibaki nami, wote, na sijui mpaka leo niseme kwamba nyumba yetu haikutawanyika au kwamba ilitawanyika siku ileile, upande wa watu wazima.

Jioni hiyo nilipika mapema na kuwalaza wote kwenye mkeka mmoja. Mdogo wangu wa kiume alilalamika kwamba yeye ni mkubwa. Nilimwambia alale. Kile kiti cha majani nilikuwa nimekibeba nyumbani, kwa kuwa kilishonwa vizuri na kingefaa, na kitindamimba alikilalia kichwa. Nilichukua pindo la kanga yangu na kulifunga kwenye kifundo cha mguu wake. Pindo la pili nililifunga kwenye mkono wa mdogo wangu wa kike.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka asubuhi."

"Na kesho utasimulia tena mchana?"

"Saa nne."

Alifikiri. "Basi kesho funga fundo gumu zaidi," alisema, akageukia ukutani.

Asubuhi mafundo yalikuwepo. Niliyafungua kwa shida, yalikuwa yamekaza. Nikavuka barabara katika ukungu, nikaingia darasani, nikaanza kufungua madirisha.